Mafua yasiyokwisha kwa vijana wa Goma: pale kuvu ya puani inapolisukuma jicho

GOMA, Kivu Kaskazini – Katika mji huu, kijana anayepumua kwa mdomo mwaka mzima hamshangazi mtu. Usiku kuna baridi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mchana kuna vumbi jeusi la lava, jikoni kuna moshi wa makala, na upande wa kaskazini mlima Nyiragongo hutoa gesi. Kila pua ina sababu yake ya kulalamika. Mzazi husema ni mafua, jirani husema ni sinizite, muuza dawa hutoa amoksisilini ya siku tano, na maisha huendelea hadi mafua yanaporudi wiki chache baadaye.

Wengi wa vijana hao kweli wana mafua, au mzio wa kawaida wa vumbi. Lakini wapo wachache ambao pua yao inaweza kuwa imejaa kitu kingine: ute mzito wa rangi ya kahawia au kijani, unaonata kama karanga iliyosagwa, na ndani yake nyuzi za kuvu. Madaktari huuita ugonjwa huo sinusiti ya kuvu ya mzio. Hauambukizi, hautokani na Ukimwi, wala si kansa. Unatibika. Tatizo ni kwamba kwa mtoto au kijana unaweza kulisukuma jicho nje ya mahali pake kabla mtu yeyote hajafikiria kumpeleka kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, yule ambaye hospitali za Kongo humwita ORL. Mgonjwa hufika wakati mshipa wa kuona umeshaanza kubanwa.

Chumba kilichoziba

Mifupa ya uso si mizito kama inavyoonekana. Ina vyumba vya hewa: chini ya macho, katikati ya macho, kwenye paji la uso, na vingine nyuma kabisa karibu na ubongo. Vyumba hivyo, yaani sinusi, vina milango midogo inayofunguka puani, na ute hutoka humo kidogo kidogo bila mtu kujua.

Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, na kila mtu huzivuta kwa mamia kwa siku. Kwa wengi hakuna kinachotokea. Kwa mwenye mzio, kinga ya mwili huzipokea kana kwamba ni adui mkubwa: damu hutengeneza kingamwili ziitwazo IgE, chembe nyeupe ziitwazo eosinofili hukimbilia puani, utando huvimba, vinyama laini huota, na mlango wa chumba huziba. Ute ukibaki ndani, kuvu hupata mahali pa kukaa. Kuvu ikikaa, mzio huzidi. Mzunguko huo huendelea kwa miezi, hata miaka.

Kinachowachanganya hata baadhi ya wahudumu wa afya ni kwamba kuvu hii haiingii katika nyama ya mgonjwa. Inaishi ndani ya ute tu. Ndiyo maana kwa kawaida hakuna homa, na mara nyingi hakuna maumivu makali. Haifanani na mukomikosisi, ile iliyotangazwa duniani kama "kuvu nyeusi" India ilipokumbwa na wimbi la Covid-19 mwaka 2021, ambayo hula nyama na mifupa kwa siku chache, hasa kwa mgonjwa wa kisukari. Hii ya mzio hufanya kazi yake polepole. Hujaza chumba, hukitanua, na kuukonda ukuta wake kwa kuusukuma.

Na ukuta wenyewe ni mwembamba. Mfupa unaotenganisha pua na jicho umepewa na wataalamu wa mwili jina la Kilatini lenye maana ya karatasi, na hawakutia chumvi. Kwa mtoto, ambaye mifupa yake bado inakua, ukuta huo husogea kirahisi zaidi. Madaktari wa Dallas, jimbo la Texas, waliowalinganisha wagonjwa watoto na watu wazima na kuchapisha matokeo yao mwaka 2002, waliona mabadiliko ya wazi ya mifupa ya uso kwa watoto 42 kati ya kila 100, huku kwa watu wazima yakiwa kwa 10 tu kati ya 100. Watoto pia walikuwa na ugonjwa wa upande mmoja mara nyingi zaidi.

Upande mmoja: hilo ni neno la kushika. Mafua ya kawaida huziba pua zote mbili, kwa zamu au kwa pamoja. Pua moja ikiziba kwa miezi mitatu na nyingine ikibaki wazi, hayo hayaitwi mafua tena. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, kwanza mtafute punje ya harage au ushanga aliojitia mwenyewe puani, hasa kama makamasi yananuka. Kwa mwenye miaka kumi na kuendelea, tafuteni zaidi.

Mgonjwa huwaje, basi? Mara nyingi ni kijana au mtu mzima mwenye umri mdogo. Katika makusanyo ya wagonjwa yaliyochapishwa, wastani wa umri huwa karibu na miaka 22. Kinga yake ya mwili ni nzima. Wengi wana historia ya mzio, na baadhi wana pumu. Amepoteza uwezo wa kunusa lakini hajagundua, kwa kuwa ulipotea taratibu; mama ndiye hugundua kwamba mtoto hasikii harufu ya chakula kinachoungua. Hutoa puani vipande vikavu vya ute mweusi au wa kahawia. Pua hupanuka katikati, macho huonekana yameachana, jicho moja huwa limetoka kuliko lingine. Kwa kuwa mabadiliko ni ya polepole, wanaoishi naye nyumba moja ndio wa mwisho kuyaona. Picha ya kadi ya shule ya miaka miwili iliyopita huonyesha tofauti ambayo macho ya nyumbani yameizoea.

Kutoka Khartoum hadi Texas

Katika vitabu, ugonjwa huu bado ni mchanga. Mwaka 1976, Safirstein wa Marekani alieleza habari za mgonjwa mwenye mzio wa kuvu katika mapafu ambaye pua yake pia ilikuwa imezibwa na kitu kilekile. Mwaka 1983, Anna-Luise Katzenstein na wenzake, waliokuwa wakipima kwa darubini ute uliotolewa katika sinusi, waliona kwamba unafanana na ule wa mapafu, nao wakaupa ugonjwa jina lake. Mwaka 1994, Bent na Kuhn waliweka vigezo vitano vinavyotajwa hadi leo: mzio uliothibitishwa, vinyama vya pua, picha ya skana yenye alama zake, ute wenye eosinofili bila kuvu kuingia katika nyama, na kuvu yenyewe kuonekana kwa darubini.

Maeneo yanayotajwa sana ni yenye joto na unyevu: kusini mwa Marekani kando ya mto Mississippi, kaskazini mwa India, na baadhi ya nchi za Mashariki ya Kati. Katika makusanyo ya wagonjwa ya Marekani, sinusiti ya kuvu ya mzio huchukua kama 5 hadi 10 kati ya kila 100 wanaopasuliwa kwa sinusiti sugu. Tarakimu za namna hiyo hupatikana palipo na skana, maabara ya tishu na mtu wa kuhesabu. Bila vitatu hivyo mgonjwa huandikwa daftarini "sinizite sugu", anapewa dawa, anarudi nyumbani.

Katika ukanda huu wa Afrika, historia ya kuvu za sinusi iliandikwa kwanza Sudan. Mwaka 1969, madaktari wa Khartoum, akiwemo mtaalamu wa kuvu El Sheikh Mahgoub, walichapisha katika jarida la upasuaji la Uingereza habari za wagonjwa 17 wenye uvimbe wa kuvu katika sinusi. Aina ya Sudan, hata hivyo, ni ndugu mkali zaidi: huingia polepole katika nyama, na kuvu inayohusika zaidi ni Aspergillus flavus, ileile inayoweka sumu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Kwa nje magonjwa haya mawili yanaweza kufanana, kwani yote mawili hulitoa jicho nje. Dawa zake hazifanani, na kuyachanganya ni hatari.

Jarida hilohilo, miaka 11 kabla, mwaka 1958, ndilo lililochapisha makala ya Denis Burkitt wa Mulago, Kampala, kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika. Kansa hiyo, ambayo sasa ina jina lake, ipo mashariki mwa Kongo, huvimbisha taya na kusukuma jicho, na hukua kwa siku na wiki badala ya miezi. Mhudumu wa Goma anayemwona mtoto mwenye jicho lililotoka ana wajibu wa kuifikiria kabla ya kufikiria kuvu.

Kidonge kinachoficha

Hapa ndipo mambo huharibika, tena kwa nia njema. Katika maduka mengi ya dawa prednisoloni na deksametasoni, ambazo watu hapa huziita kortikoidi, hupatikana bila karatasi ya daktari. Ni kweli kwamba steroidi hizo ni nguzo ya tiba ya sinusiti ya kuvu ya mzio: hupunguza uvimbe, vinyama husinyaa, mgonjwa hupumua baada ya siku chache, wote hufurahi. Lakini zikimezwa kabla ya vipimo, huficha. Kansa ya tezi husinyaa kwa muda na kipande cha nyama kinachopelekwa maabara hakisomeki vizuri. Kuvu inayoingia katika nyama hupata njia. Kifua kikuu kilichojificha huamka. Na katika nchi za joto kuna mnyoo mdogo uitwao strongiloidi, anayeweza kukaa tumboni miaka mingi bila kelele na kuuvamia mwili mzima kinga ikishushwa kwa steroidi; ndiyo maana daktari mwangalifu humpa mgonjwa dawa ya minyoo inayofaa, ivermektini, kabla ya kuanza matibabu marefu.

Minyoo inaleta utata mwingine ambao vitabu vya Texas havina haja ya kuuzungumzia sana. Ulaya au Marekani, IgE ya jumla ikiwa juu sana na eosinofili zikiwa nyingi, daktari huelekea kwenye mzio. Katika mazingira ambamo watoto wengi wana minyoo ya tumbo, vipimo hivyo viwili huwa juu hata kwa mwenye pua safi. Kipimo chenye maana zaidi ni cha mzio dhidi ya kuvu yenyewe, kwa kuchoma ngozi kidogo au kwa damu, pamoja na skana na darubini.

Skana huonyesha kitu kisichosahaulika kwa aliyewahi kukiona: chumba kilichojaa, kimetanuka, na katikati yake mabaka meupe kuliko nyama inayozunguka, kwa sababu ute ule ni mkavu na una madini. Anayesoma picha bila kujua huweza kudhani ni uvimbe. Jibu la mwisho hutoka kwenye ute uliotolewa wakati wa upasuaji, na hapo pana kosa linalowezekana katika chumba chochote cha upasuaji: ute huo kufyonzwa na mashine, kuonekana uchafu, na kutupwa. Vinyama hupelekwa maabara, majibu hurudi "uvimbe wa kawaida", na ushahidi umekwenda na maji. Ute ndio kipimo. Unapaswa kuwekwa katika chupa mbili, moja yenye dawa ya kuhifadhi kwa ajili ya darubini, nyingine bila dawa hiyo kwa ajili ya kuotesha kuvu.

Upasuaji wenyewe hufanywa kupitia puani kwa kamera nyembamba, bila kukata uso. Kazi yake ni kufungua milango, kutoa ute wote na kuacha nafasi ambayo dawa itafika. Mtu asiyekuwa daktari asiruhusiwe kuvuta vinyama vya pua kwa koleo au uzi. Kwa mtoto mdogo, kilichoonekana kama kinyama kinaweza kuwa utando wa ubongo ulioshuka puani tangu kuzaliwa, na kukichana ni kufungua mlango wa homa ya uti wa mgongo.

Baada ya hapo kazi haijaisha, na wazazi wengi hawaambiwi hivyo. Ugonjwa huu hurudi. Ripoti zilizochapishwa zinatofautiana sana, kuanzia mgonjwa mmoja kati ya kumi hadi karibu wote, kutegemea wamefuatiliwa kwa muda gani na wametumia nini. Kinachopunguza kurudi ni dawa ya steroidi ya kupuliza puani kila siku, kuosha pua, na kuonwa na daktari kwa miaka, si kwa wiki. Dawa ya kupuliza ya budesonidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, na inatumika kwa watoto pia. Dawa za kuua kuvu, ambazo mtu angedhani ndizo za kwanza, hazijathibitika kuwa na nafasi kubwa katika aina hii ya mzio. Ndizo za lazima katika ile aina inayoingia katika nyama.

Foleni ya Goma

Yote hayo yanadai mji unaofanya kazi. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, hospitali za mji zilijaa majeruhi wa risasi na mabomu kwa mamia. Uwanja wa ndege ulifungwa. Mabenki yalifunga milango, na familia zenye akiba hazikuweza kuifikia. Mwezi uliofuata, kambi kubwa za wakimbizi kandokando ya mji zilivunjwa na watu kutawanyika.

Katika foleni ya namna hiyo, kijana mwenye pua iliyoziba anakaa mwisho, na si rahisi kumlaumu muuguzi anayemweka hapo. Havuji damu. Anatembea mwenyewe. Anaweza kusubiri, na mwaka jana alisubiri vilevile. Shida ni kwamba jicho lake halisubiri pamoja naye. Presha ikiondolewa mapema, kuona hurudi mara nyingi. Mshipa ukishakufa, upasuaji mzuri kuliko wote husafisha pua tu.

Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500, na kwa barabara hakuna anayefika akiwa mgonjwa. Kigali iko kwa gari upande wa pili wa mpaka wa Gisenyi, ila inataka hati za kusafiria, dola mkononi, na mtu wa kumsindikiza mtoto. Kwa familia nyingi za Katoyi, Majengo au Ndosho, safari hiyo hupangwa mara moja. Kwa hiyo swali la nani aende na nani abaki huamuliwa katika kituo cha afya cha mtaa, na muuguzi ambaye hana kamera wala skana.

Hata hivyo, yapo ambayo muuguzi huyo anaweza kuyafanya bila faranga moja. Amkalishe kijana kwenye kiti, asimame nyuma yake, ainamishe kichwa chake nyuma kidogo na kutazama kutoka juu ya paji la uso: jicho lililotoka huonekana hapo kabla ya kuonekana kwa mbele. Amfunike jicho moja, amwonyeshe kitu chekundu, hata kizibo cha chupa ya soda, kisha afunike lingine. Kijana akisema wekundu umefifia kwa jicho moja, mshipa wa kuona umeanza kuumia, na hiyo si kazi ya kusubiri mwezi ujao. Amuulize kama anaona vitu viwili viwili. Amulike pua zote mbili kwa tochi ya simu. Mwenye jicho jekundu, homa, uso uliokufa ganzi, doa jeusi puani au kwenye kaakaa, au kisukari, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa hiyo inaweza kuwa kuvu ya ile aina nyingine.

Mlima, mara nyingi, hubebeshwa lawama isiyo yake. Gesi ya salfa kutoka Nyiragongo huwasha pua na kifua, hasa kwa wakazi wa upande wa Rusayo na Sake ambako upepo huipeleka, lakini haioteshi kuvu. Kuvu hutaka unyevu na kitu cha kula: mbao za ukuta zilizolowa wakati wa masika, godoro lililolazwa moja kwa moja juu ya lava, nguo zinazokauka ndani ya chumba cha kulala, gunia la unga kwenye kona. Kwa kijana ambaye mzio wake umeshajulikana, kuinua godoro kwenye vipande vya mbao na kuhamisha gunia hilo kunapunguza anachovuta usiku. Hakuponyi.

Kuosha pua nako kunawezekana nyumbani, kwa sharti moja ambalo Goma halipaswi kurukwa. Maji ya ziwa yaliyoletwa kwa bidoni, hata yakionekana safi, hayaingii puani bila kuchemshwa; vijidudu ambavyo tumbo huvimudu vinaweza kuwa hatari vikipita puani. Yachemke vizuri kwa dakika tatu, yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe kimoja cha robo lita. Sindano ya plastiki ya mililita 20 isiyo na ncha inatosha. Kijana huinama juu ya beseni, mdomo wazi, maji yaingie pua moja na kutokea nyingine, asubuhi na jioni, na dawa ya kupuliza ifuate baada ya pua kuwa safi. Chombo huoshwa na kukaushwa kila mara. Maji yaliyobaki humwagwa, hayawekwi kwa ajili ya kesho.